Mende hapiti ku duane

Katika lupango moja la Sakania, si mbali na njia ya reli, kulikuwa ugomvi. Majina hatutaji, kwa sababu habari ya namna hii inaweza kutokea katika lupango lolote, hata katika lako wewe unayesoma. Mama mwenye nyumba alikuwa akikaa katika nyumba kubwa pamoja na mjukuu wake. Katika aneksi alipangisha familia changa: baba anayefanya kazi ya kibarua, mke wake, na mapasa wao wa miaka 2. Kila mtu alimwita mama yule Mama Mapasa.

Asubuhi moja mama mwenye nyumba alifungua chungu cha bukari iliyobaki jana. Mende wadogo watatu wakaruka pembeni. Akatoka inje na chungu mkononi.

—Mama Mapasa! Aba mende banatoka kwako!

—Hapana, Mama. Siku tuliingia humu, mende balikuwako tayari.

—Haiko vile, mutoto wangu. Miaka kumi na moya niko mu hii nyumba, sijaona kintu ya vile. Ni ile frigo bwana yako alinunua ku Ndola njo ilibaleta. Mwisho ya mwezi mutafute fasi ingine.

Mama Mapasa alirudi ndani akilia. Atapata wapi fasi ingine, na watoto wawili, na mume ambaye hana kazi ya kila siku? Na yote hiyo juu ya mdudu asiyefika hata urefu wa kidole.

Wasomaji wapenzi, kati ya wale wawili, nani alisema kweli? Kabla ya kujibu, tumfahamu kwanza mshitakiwa mwenyewe.

MENDE WAWILI, TABIA MBILI

Watu wanasema tu «mende», kama vile mende wote ni ndugu wa nyumba moja. Lakini katika nyumba zetu tunakuta hasa aina mbili.

Wa kwanza ni yule mkubwa, mwekundu-mwekundu, anayefika karibu sentimeta 4. Huyu anapenda choo, shimo la maji machafu, na mifereji. Usiku anapanda mpaka jikoni kutafuta chakula, kiisha anarudi shimoni kwake.

Wa pili ni mdogo, sentimeta 1 na nusu tu. Rangi yake ni ya kahawia nyepesi, na nyuma ya kichwa ana mistari miwili myeusi inayokwenda sambamba. Ana mabawa, lakini karibu hapana anaruka nayo. Huyu hakai chooni. Anakaa jikoni na katika chumba, karibu na chakula chetu, maji yetu na joto letu. Ndiye aliyekuwa katika chungu cha mama mwenye nyumba, na ndiye tunayemsema leo.

Jambo moja linashangaza juu ya mende huyu mdogo: porini hayupo. Ukitembea msituni kutoka Sakania mpaka Luapula, ukigeuza kila jiwe na kila gogo, utakuta wadudu wa kila namna, hata mende wa aina nyingine, lakini yeye hutamkuta. Anaishi tu mahali mtu anapoishi. Tukihama sisi, naye anahama. Tukikosekana, anakufa. Kwa hiyo mtu anayesema «mende wametoka majanini» anakosea. Mende huyu alitoka kwa mtu, akabebwa na mtu, akafika kwa mtu.

FASI ANAPOFICHA

Mende mdogo anapenda vitu vinne: giza, joto, maji, na fasi nyembamba. Hataki chumba kikubwa. Anataka ufa ambamo mgongo wake unagusa juu na tumbo lake linagusa chini. Mkubwa anaingia katika ufa wa milimeta 5 hivi. Watoto wake wanapita hata mahali unapoona hakuna nafasi ya karatasi mbili.

Kwa hiyo mtafute nyuma ya kabati, chini ya meza ya vyombo, katika bawaba za mlango, nyuma ya kalenda na picha ukutani, ndani ya radio na televizyo, na zaidi sana nyuma ya frigo, pale mashini inapotoa joto. Sakania iko katika nchi ya juu, na katika mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inauma. Wakati huo mende wanasongana karibu na mbabula na karibu na mashini ya frigo, sawa vile sisi tunavyosongana karibu na moto.

Mchana karibu wote wanabaki katika ufa. Usiku, taa ikizimwa, wanatoka kula. Wanakula nini? Kila kitu: makombo ya mukate, unga, mafuta yaliyomwagika, gundi ya buku, sabuni, hata wenzao waliokufa. Chakula kikikosekana, mende huyu anaweza kuishi zaidi ya mwezi mmoja, kama tu ana maji. Lakini akikosa chakula na maji pamoja, hamalizi wiki mbili. Shika neno hilo vizuri, tutalirudia: maji ndiyo yanayomweka hai.

Na mavi yake, yale matone madogo meusi kama pilipili iliyosagwa, yana harufu inayowaita wenzake. Mende mmoja akipata fasi nzuri, harufu inasema kwa wengine: «Kuyeni, hapa kuko salama». Kwa hiyo ukuta usiooshwa unaendelea kuwaita, hata kisha kuwaua wengi.

JINSI ANAVYOONGEZEKA

Mende jike habwagi mayai yake ovyo. Anayatia katika kifuko kidogo cha kahawia, mayai 30 mpaka 40, na anakibeba nyuma ya mwili wake mpaka siku watoto wako karibu kutoka. Kwa hiyo mama mmoja tu akiingia katika kartoni, ameingia na ukoo mzima.

Tufanye hesabu kidogo, vijana washike kalamu. Jike mmoja anazaa watoto 30. Tuseme nusu ni majike: 15. Katika joto, miezi miwili mpaka mitatu inatosha kusudi watoto wale wawe wakubwa. Kila mmoja wa wale 15 akizaa mara moja tu, tuna 450. Na jike anaweza kutoa kifuko mara 4 au zaidi katika maisha yake. Ndiyo maana mtu anasema: «Jana hawakuwako, leo wamejaa.» Walikuwako. Hukuwaona.

SAFARI YA MENDE: KUTOKA ASIA MPAKA KWETU

Jina la kisayansi la mende huyu ni Blattella germanica, ni kusema mende wa Ujerumani. Mtaalamu wa Uswedi Carl Linnaeus ndiye aliyempa jina la Ujerumani mwaka 1767. Lakini Wajerumani wenyewe walimwita «Mrusi», na Warusi walimwita «Mprusia», ni kusema mtu wa Ujerumani. Mnaona? Ugomvi wa lupango letu si mpya. Hata mataifa makubwa yalikuwa kila moja likisema: «Ametoka kwa jirani.»

Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kazi kubwa: walichunguza ADN ya mende 281 kutoka nchi 17. Wakakuta kwamba mende huyu hakutoka Ujerumani hata kidogo. Alitoka kwa mende wa porini wa Asia ya Kusini, upande wa India na Myanmar, kadiri ya miaka 2.100 iliyopita. Mende wa porini aliona mashamba na nyumba za watu, akaona chakula kipo, akaacha pori.

Kiisha akaanza safari, na kila mara alisafiri katika mizigo ya watu. Miaka 1.200 hivi iliyopita alifika Mashariki ya Kati pamoja na wafanyabiashara na majeshi. Miaka 390 hivi iliyopita alienea katika Asia pamoja na makampuni ya biashara ya Wazungu. Ulaya alifika miaka 270 hivi iliyopita tu. Na kutoka Ulaya alitawanyika dunia nzima katika miaka 120 hivi ya mwisho, wakati wa meli za mvuke na nyumba zenye joto.

Sasa tazameni historia yetu. Njia ya reli iliyotoka kusini ilifika kwenye mpaka wa Kongo, hapa Sakania, mwaka 1909. Mwaka uliofuata, 1910, ikafika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Ni wakati uleule ambapo mende huyu alikuwa akienea duniani katika meli na mabehewa. Sakania ikawa mlango wa Katanga. Katika mlango ule mashini za migodi ziliingia, na unga na nguo, na shaba ikatoka. Hata leo makaminyo yanapanga mstari mrefu mpakani, hapa na zaidi sana Kasumbalesa. Mashofere wanapika, wanakula na kulala katika kabina siku kadhaa. Si kosa lao. Lakini penye joto, makombo na fasi nyembamba, mende anapanda. Mtu anaonyesha pasporti. Mzigo unapita ku duane. Mende hapiti ku duane.

Wazee waliokaa katika kampi za wafanyakazi wanakumbuka siku ya posho, namna saki za unga zilivyoingia katika kila nyumba kwa siku moja. Siku hizi posho hakuna, lakini saki na kartoni zinatembea kuliko zamani: kutoka depo mpaka duka, kutoka duka mpaka meza ya mama sokoni, kutoka sokoni mpaka chini ya kitanda. Frigo, radio na televizyo za kutumika zinatoka Ndola na Lubumbashi. Valizi ya mwanafunzi inarudi kutoka interna. Kwa miguu yake mende anaweza kupita kutoka chumba mpaka chumba, kwa ufa wa ukuta au tundu la kamba ya umeme. Lakini kutoka mji mpaka mji, ni sisi tunamubeba.

MENDE ANALETA NINI NYUMBANI?

Wengine wanasema: «Mende hauumi mtu, umwache.» Ni kweli, kwa kawaida haumi. Lakini miguu yake inapita juu ya takataka, kiisha juu ya sahani ya mtoto. Anaweza kubeba mikrobi ya kuharisha kama salmonela. Na mavi yake, mate yake na ngozi anazoziacha akikua, vikikauka vinakuwa vumbi. Vumbi hilo likiingia katika mapafu, linaweza kuamsha asima, zaidi sana kwa watoto wanaolala katika chumba kidogo chenye mende wengi. Mtoto anayekohoa na kupiga filimbi kifuani kila usiku, mpeleke kwa munganga, na umwambie pia habari ya mende.

DAWA ILIYOTAKA KUUA MTOTO

Turudi katika lupango letu. Mama Mapasa, kwa haya na kwa woga wa kufukuzwa, alikwenda sokoni. Muuzaji mmoja alimwuzia dawa ya wadudu ya mashambani, ya rangi ya maziwa, katika chupa ya limonade isiyo na maandiko. Alinyunyiza ukutani, chini ya kitanda, hata katika kabati ya vyombo. Iliyobaki akaweka chini, nyuma ya mlango.

Mmoja wa mapasa aliona chupa ya limonade. Mtoto wa miaka 2 angefikiri nini? Mama yake alimkuta ametokwa na mate mengi, jasho linamtoka, anapumua kwa shida. Mama mwenye nyumba, yeye aliyesema «mutafute fasi ingine», ndiye aliyembeba mtoto mgongoni akikimbia, na Mama Mapasa nyuma yake na chupa mkononi. Walifika lopitali mapema. Mtoto alipona. Wengine hawaponi.

Basi, wazazi, mkumbuke:

Dawa ya mashamba si dawa ya nyumba. Nyingi kati yake zinapiga mishipa ya fahamu ya mtu sawa vile zinavyopiga ya mdudu.

Usitie hata siku moja sumu katika chupa ya kunywea.

Mtu akiinywa, usimtapishe, wala usimlazimishe maziwa au mafuta. Kama imemwagika juu yake, mvue nguo na umwoshe ngozi kwa maji na sabuni, lakini ujilinde mikono yako. Mkimbize lopitali, na chupa uichukue kusudi munganga aione.

Tena, kunyunyiza peke yake hakusaidii sana. Dawa nyingi za kupuliza zinawafukuza mende: wanakimbia chumba chako na kuingia kwa jirani, na kisha wiki wanarudi. Na wale waliobaki hai wanazaa watoto ambao dawa ile haiwaui tena. Mende wanajifunza hata kukataa mtego: mwaka 1993, katika Marekani, mtaalamu Jules Silverman alionyesha kwamba mende wengine wameacha kula chambo chenye glukozi, kwa sababu waliopenda utamu ule walikwisha kufa wote.

KAZI YA LUPANGO NZIMA

Mtoto aliporudi kutoka lopitali, mjukuu wa mama mwenye nyumba, kijana wa Kiro, alichukua tochi. Saa tano ya usiku aliingia katika aneksi, akatazama nyuma ya frigo. Mende walikuwako, wengi. Kiisha akaingia katika nyumba kubwa, mahali bibi yake alipopanga kartoni tupu za sabuni na biskuti za biashara yake. Akainua kartoni moja.

—Kambo, kuya mbio uone!

Kambo alikuja, akaona, akanyamaza. Kartoni zilitoka depo moja ya mjini, na frigo ilitoka Ndola. Nani alitangulia? Hata wataalamu na ADN yao wangeshindwa kuamua. Kambo alikaa juu ya kiti, akasema polepole:

—Basi ni siye bote.

Neno hilo ndilo mwanzo wa dawa. Ukisafisha nyumba yako peke yako, mende watapita kwa jirani na kungojea. Inafaa nyumba zote za lupango zianze siku moja, kama salongo. Wao walifanya hivi:

1. Maji kwanza. Kila usiku walikausha meza na besheni, walifunika ndoo na bidoni, na walitengeneza robine iliyokuwa ikitona.

2. Chakula. Vyombo vilioshwa mbele ya kulala. Unga, sukari na mukate vilitiwa katika mikebe na ndoo zenye kifuniko. Takataka zilitoka inje kila mangaribi.

3. Kartoni na saki. Tangu siku ile kila mzigo ulifunguliwa inje, juani, ukapigwapigwa, na kartoni ikachomwa au ikatupwa mbali. Kitu cha umeme cha kutumika kilifunguliwa nyuma na kutazamwa kwa tochi mbele ya kuingia.

4. Ufa. Matone meusi yaliondolewa kwa maji ya moto na sabuni. Nyufa za ukuta zilizibwa kwa simenti, au kwa udongo mahali simenti ilikosekana.

5. Mtego. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Tia ndani kipande cha mukate kilicholowanishwa na munkoyo. Paka mafuta ya kujipaka ndani ya mdomo, na uzungushe kitambaa inje kusudi wapande vizuri. Wanaingia, hawatoki. Asubuhi wamwagie maji ya moto yenye sabuni.

6. Chambo. Katika farmasi kuko unga wa asidi boriki. Changanya kijiko 1 na vijiko 3 vya unga wa mahindi, sukari kijiko 1, na maji kidogo. Wakikataa sukari, tia karanga zilizosagwa. Weka kidogo-kidogo ndani ya nyufa na nyuma ya kabati, mbali kabisa na mkono wa mtoto na mbali na chakula. Asidi boriki inafanya kazi polepole, lakini nayo ni sumu: osha mikono.

Na dawa ya saba ni uvumilivu. Mayai yaliyo katika kifuko hayaguswi na chambo. Watoto watatoka, utasema kazi imeharibika. Haikuharibika. Endelea miezi mitatu. Katika lupango lile, chupa ya mtego ya wiki ya kwanza ilijaa mpaka watoto waliogopa kuitazama. Katika mwezi wa pili walihesabu mende kwa vidole. Mwezi wa tatu chupa ilibaki tupu siku nyingi. Lakini mtego mmoja ungali pale nyuma ya frigo, kwa sababu mizigo haijaacha kuingia Sakania.

Mwisho wa mwezi Mama Mapasa alileta pesa ya nyumba, huku akitetemeka kidogo. Mama mwenye nyumba alizipokea, akazihesabu, akatoa noti moja akamrudishia.

—Ya nini, Mama?

—Ya kununua mukebe wa unga wenye kifuniko. Ule wako haufungi muzuri.

Amri ya nane inatukataza kumsingizia jirani. Yesu naye alitufundisha juu ya kibanzi na boriti. Tunayajua maneno hayo tangu katekisimu, lakini yanatupata hapa nyumbani, siku tunapofungua chungu na kukuta mende. Mbele ya kwenda kwa jirani na kelele, chukua tochi kwanza, inua kartoni yako mwenyewe. Kiisha nenda kwa jirani, na umwulize: tuanze siku gani?

Ya kuzungumza katika familia na katika shirika:

Nyumbani kwetu, sumu inakaa wapi? Mtoto mdogo anaweza kuifikia?

Mzigo wa mwisho ulioingia kwetu ulifunguliwa wapi, ndani au inje?

Kuko jirani ambaye tulimshitaki juu ya uchafu bila kutazama kwetu? Tutamwendea lini?

Vijana: tunaweza kupanga salongo ya siku moja kwa avenue yetu yote?